Kishoka cha Mashoto cha Găvrilă Bercian

Baba padri, mafundi, majirani wa Valea Frasinului, mimi ni Irina, binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome, na ninakuomba hasa wewe baba mdogo Toader, uliyesimama pale langoni, usiondoke kabla sijamaliza.

Baba yetu, Găvrilă Bercian, alizaliwa tarehe 8 Novemba 1951 hapa hapa kijijini, wa kwanza kati ya wana wawili, akasoma shule yetu kuanzia 1958 hadi 1966, ambako mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akatoka akiandika kwa mkono wa kulia na kufanya kila kitu kingine kwa kushoto.

Mwaka huohuo wa 1966 aliingia kazini kwa mjomba wake, mjenzi wa makanisa ya mbao, na tarehe 2 Mei 1973 mhunzi Zaharia alimfulia kishoka cha mashoto, ambacho ubapa wake uko kinyume na vishoka vya mafundi wengine wote bondeni, hata mtu wa mkono wa kulia akichonga gogo nacho, kinateleza na kumrukia mguuni. Ndani ya mfuko wake alibeba pia kishoka cha kawaida alichorithi kwa mjomba, na ukivitazama harakaharaka utadhani ni pacha.

Alifunga ndoa na mama yetu, Nastasia, tarehe 13 Februari 1977, mama ambaye alimfokea miaka yote kwa kumwaga vumbi la mbao kwenye supu, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1978 na Grigore mwaka 1981.

Tarehe 17 Juni 1997, katika ujenzi wa kanisa la Dumbrava, Baba na mdogo wake walikuwa wakichonga magogo mbele ya padri na kamati ili achaguliwe fundi mkuu, mpini wa Toader ukavunjika, akaita, "Kaka, nipe cha mjomba, upesi!" naye Baba akampa cha mashoto, na pigo la tatu likampasua mguu ambao mpaka leo anauburuta. Toader alisema amepewa makusudi, Baba akaapa alikosea, kijiji kikagawanyika, hata harusini kwangu walikaa meza mbili, wakapeana migongo.

Moyo wa Baba ulianza kuchoka mwezi Machi mwaka huu, akalazwa hospitali ya mjini tarehe 20 Septemba, akafariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, na siku moja kabla alinishika mkono akasema, "Iri, andika. Sikukosea. Nilisema moyoni, acha aharibu gogo aaibike mbele ya padri. Mguu wake sikuutaka. Lisome neno hili mbele ya watu wote." Nimeliandika, na sikuficha hasira yangu, maana miaka yote hiyo nilimtetea, na mama mdogo, mkewe Toader, nikamwita mzushi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta mikate na horinca, pombe yetu kali ya matunda, na mafundi wenzake mliochonga jeneza hili bila msumari hata mmoja.

Sasa, kama ilivyo desturi yetu, marehemu anaomba msamaha, na jeneza halinyanyuliwi kabla aliyekosewa hajajibu. Baba mdogo Toader, anakuomba wewe. Tunasubiri.

Kwa mlio nyuma ambao hamkusikia, amesema hivi, "Mungu amsamehe. Na mimi je? Nilijua ni cha mashoto pale pale kilipofika mkononi. Niliona aibu kukirudisha mbele ya watu."

Hili halimo kwenye karatasi yangu. Miaka ishirini na saba, baba mdogo, na kati ya nyumba zenu kuna ua mmoja tu. Mungu akusamehe na wewe, njoo ushike upande wa kichwani. Pumzika kwa amani sasa, Baba, mdogo wako amekujibu.