Bi Efuefu Hayupo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania wa hapa Guangzhou, Ndugu Theophil. Viongozi wetu wa dini, wa msikitini na wa kanisani. Ndugu zetu Wakenya na Wakongo mliofunga ofisi zenu mapema kwa ajili yetu. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe mwenye shughuli, Anastazia, uliyevaa lile gauni nililokukataza kulinunua: habari za jioni, na karibuni.

Kwa wasionijua, naitwa Bimkubwa, mtu wa Unguja, na kwa miaka minne nimekaa nyumba moja na Anastazia hapa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja. Nimepewa dakika tano za kumuaga. Mwenyekiti ameniomba nisichekeshe sana, nami nimemwambia nitajitahidi, ila nitawezaje, ikiwa mwenye shughuli ni mtu wa miaka hamsini na moja, ana wajukuu wawili, na anaandika kwenye simu kama mtoto wa sekondari?

Na ugonjwa huu si wake peke yake. Nani hapa hamjui Msabaha? Alikaa kwenye kompyuta akibishana na laoban wake, yule mama mwenye duka, bei ya suruali za jinzi. Mama anataka yuan mia moja na ishirini, Msabaha kang'ang'ania sitini. Mama akachoka, akamwandikia 88. Msabaha akashangilia, bei imeshuka! Akapanda teksi na mifuko yake mitano, kufika dukani akaambiwa mei you, hakuna. Kumbe watu wa hapa wakiandika nane nane, kwa lugha yao ba ba, kwenye intaneti wanasema bai bai. Msabaha, usiinamishe kichwa, simama wageni wakuone.

Lakini leo ni siku ya Anastazia. Kwetu Unguja, mwanamke mwenzio mliyeshibana naye ni shoga yako, basi, neno linatosha. Nilipomwita hivyo akaniambia neno hilo ni la wamama. Nikamwuliza, kwani sisi ni nani? Wiki ile ile nikamsikia anaongea na binti yake aliyeko Bukoba, anacheka, anasema, "Nipo hapa na BFF wangu." Nikageuka kutazama mlangoni. Bi Efuefu! Ndiye nani huyo mwanamke? Kaolewa na nani? Na kama yupo hapa, mbona kodi ya nyumba tunalipa wawili tu? Siku mbili sikumsemesha, nikingoja huyo Bi Efuefu aje amwoshee vyombo.

Ndipo akanieleza kwamba ni Kiingereza cha kwenye mtandao, kwamba ni rafiki wa kufa na kuzikana, na kwamba ni mimi. Alikwishaniandika hivyo kwenye simu yake, jina nililopewa na wazazi wangu kalifuta. Nilimwambia aone haya, mtu mzima. Nikamkataza kuniita hivyo mbele za watu. Na moyoni, niseme kweli, nilifurahi sana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe mwenyewe kusimama hapa. Mwezi wa nane, mwaka huu huu wa Olimpiki, mnakumbuka tulivyokuwa tukiulizwa pasipoti kila kona. Anastazia alisimamishwa mlangoni pa jengo la nguo, pasipoti kaiacha mezani nyumbani. Mengine mnayajua: polisi akachukua simu yake, akampigia mtu wa kumletea, mtu hakupatikana, na Anastazia akakaa kituoni tangu saa nne asubuhi hadi Magharibi, mpaka Haidar, wakala wetu wa mizigo, alipopita nyumbani akaichukua. Viza yake ilipoisha, hawakuiongeza. Ni kwa sababu ya siku ile? Hakuna anayejua. Lakini kesho anaondoka.

Ndugu zangu, mtu alipatikana. Nilikuwa kwa jirani yetu Hasna, nimekaa naye na wageni wake watatu kutoka nyumbani, wake za watu, wenye heshima zao. Simu yangu ikalia, nikapokea, sauti ya mwanamume wa Kichina ikatoka kwa nguvu: "Bi Efu Efu?" Wote wakasikia, wote wakanitazama. Nikadhani Anastazia kampa simu laoban mmoja anifanyie mzaha. Nikaona haya. Nikasema, "Mei you! Bi Efuefu mei you!" Nikakata. Ikalia tena, nikaizima.

Uliporudi, Anastazia, miguu imevimba, nilikwambia simu yangu iliisha chaji. Nimekaa na uongo huo miezi mitatu. Nimekusaidia kufunga mabegi yako nikiwa nao, na juzi tulipokwenda kupima uzito wa mizigo nilikaribia kusema, nikashindwa. Nilikukana kwa sababu ya aibu ya bure, mbele ya wageni ambao leo hata majina yao siyakumbuki. Sitaki upande ndege kabla sijasema. Nisamehe.

Unasemaje? Ngojeni jamani, nyamazeni nimsikie.

Anasema polisi alikuwa ameweka spika.

Anastazia! Yaani ulisikia? Ulisikia kila kitu kwa masikio yako, ukarudi nyumbani, ukala wali wangu, ukaongeza na sahani ya pili, na hukuniuliza siku hiyo wala siku nyingine yoyote?

Anasema alikuwa ananingoja.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, nilikuwa na karatasi ya pili, lakini macho yangu hayaioni. Wote mlionivumilia hadi hapa, nawashukuru kwa masikio yenu. Anastazia, sogea kidogo, nije nikae.