Fundi Mbaruku na Matanga ya Ghala la Naipingo

Leo, tarehe 31 Desemba 1959, Fundi Mbaruku Seleman anaweka chini randa yake baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, yote katika majengo haya haya ya Naipingo. Wenye majengo wamebadilika mara tatu. Yeye hakubadilisha hata kofia.

Aliajiriwa mwaka 1931 kuwa seremala wa shamba la pamba lililoanzishwa enzi za Mdachi. Milango mikubwa ya mninga ya ghala hili la pamba, mliyoingilia leo, ni kazi ya mikono yake, akiwa kijana aliyeoa juzi. Mkewe, Bi Fatu, hudai kwamba mwaka ule aliizungumzia milango zaidi kuliko ndoa.

Pamba ikaisha, yakaja matrekta ya mpango wa karanga, ghala likawa gereji. Mpango nao ulipofungwa walibaki popo na Fundi, ambaye alilifagia ghala tupu kila asubuhi. Tulimcheka, tusifiche.

Mwaka 1953 tajiri mmoja wa Lindi alinunua mabati, mbao na milango ya ghala, akamtuma nyapara wake, Eusebio, aje kulibomoa. Fundi alikosa raha. Alituambia wazi kwamba milango ile ikiondoka, ujana wake wote umepakiwa lorini. Ila aliposikia kuwa Eusebio ni Mngoni, akatabasamu. Yeye ni Mmwera, na Mngoni ni mtani wake.

Eusebio alifika akakuta mikeka imetandikwa, vyungu viko motoni, na akina mama wa Mkotokuyana, wakiongozwa na Bi Fatu, wanaangua kilio. Fundi akampa pole: ghala limefariki, na msiba ni wao wote. Mtani hagusi mali ya marehemu kabla ya kuanua matanga. Tena kazi zake msibani zinajulikana: kuteka maji, kupasua kuni na kuwachekesha wafiwa. Eusebio alimtukana kiutani, akamwita mchungaji wa popo, kisha akavua shati na kushika shoka. Mila ni mila.

Matanga hayakuwa na haraka. Wamakonde walileta vinyago, watu wa Ruangwa wakaja na ngoma zao, Mwalimu Valentina akaleta kwaya ya misheni kutoa rambirambi, na Eusebio akaigiza marehemu anayekataa kuzikwa. Kelele zilimfikia Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, akaja kuuliza nani kafa. Alikuta watu wamejaa hadi madirishani, naye akakaa mpaka mwisho. Baada ya hapo alizungumza na tajiri, naye akakubali kuchukua badala yake mabati ya kambi ya zamani ya mpango wa karanga, na ghala wakapewa wananchi liwe jumba la sanaa.

Fundi alilijenga upya kwa miaka miwili. Zizi likawa karakana ya wachongaji, stoo ya mbegu ikawa chumba cha wasusi wa mikeka. Jukwaa la kwanza alilipandisha mno, hata waliokaa mbele wakaona magoti ya wachezaji tu. Alilishusha huku Eusebio akimsimanga kwa kila msumari. Eusebio hakurudi tena Lindi, na leo ndiye anayekabidhiwa funguo.

Jambo moja linatuuma. Tangu jumba lifunguliwe, Fundi hajatazama onyesho hata moja. Huwa nyuma ya jukwaa, ameshika karabai au kamba ya pazia, akisikia watu wanacheka asijue wanacheka nini.

Asante, Fundi. Tunakutakia afya, raha na maisha mema wewe na Bi Fatu. Jioni hii kamba ya pazia ina mtu mwingine. Viti viwili vya mbele, katikati, ni vyenu. Kaa, baba, utazame.