Nilifunga, na Mdomo Ukazidi Kunuka

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, nyinyi wa karibu na mlango sijawasikia. Mimi ni Mama Otieno wa hapa hapa Awendo, mnanijua. Shule niliishia darasa la pili, kwa hivyo nimeandika haya kwa penseli nisipotee njiani. Na nisiwadanganye: kuna mahali bado sielewi.

Ndugu zangu, mimi ndiye nilikuwa naongoza maombi ya alfajiri ya akina mama, kabla hatujaenda kwenye miwa. Tunasimama mduara, tunashikana mikono, vichwa karibu. Tangu nifiwe na mume, hiyo ndiyo kazi Mungu alinipa. Sina nyingine. Sasa mwaka jana nikaanza kuona mambo. Nikisema "Baba," wa kulia anageuza uso, wa kushoto anakohoa. Mduara ukawa kama yai, mimi peke yangu kwenye ncha. Halafu mama mchungaji akanishika bega: "Mama, pumzika kidogo, wacha hawa wadogo waongoze." Pumzika! Nani alisema nimechoka?

Nikamuuliza jirani yangu, Min Akoth. Akaangalia kuku. Nikamwambia, "Ongea!" Akasema, "Ni mdomo, mama. Asubuhi ni mkali."

Nilichanganyikiwa! Mbona asubuhi tu? Mimi sivuti tumbaku, pombe ya chang'aa siijui. Kila asubuhi nasugua meno ya juu na kijiti cha mswaki. Chini mbele mnaona pengo. Yale sita yaling'olewa nikiwa msichana, kama desturi yetu ya zamani, na mimi nilijua pasipo na jino hakuna cha kusugua. Basi nikatafuta dhambi. Nikakumbuka mbuzi wa mtu niliyempiga jiwe. Nikatubu mbuzi. Asubuhi, harufu iko pale pale.

Nikasema hii ni roho chafu. Nikafunga siku tatu, bila chakula, bila tone la maji. Siku ya tatu hata mimi mwenyewe nikasikia harufu! Nikafunga tena. Ikazidi! Ndugu zangu, mtu anamkimbilia Mungu na mambo yanaharibika zaidi, afikirie nini?

Mimi nilimfikiria mke mwenzangu. Tuliolewa na mzee mmoja, na boma ni moja. Yeye tunamwita Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, na anaabudu Jumamosi na wale wa Sabato. Ndugu zake wanamletea obambla, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, naye ananigawia. Jioni nakula na ugali, nashushia chai ya sukari nyingi, nalala hapo hapo. Na harufu ilianza wakati samaki hao walianza! Nikaona, huyu ameniwekea kitu. Nikaacha kumsalimia. Samaki wake nikawapa mbwa. Nikaweka nia kwamba Jumapili nitasimama hapa mbele yenu nimtaje jina. Mnajua mwanamke akiitwa mchawi kinachomfuata. Nyumba inachomwa. Nilijua hayo, na nilikuwa tayari.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikuwa nimefunga tena. Nikaanguka kwenye mboga. Aliyenipata ni yeye, amevaa nguo ya kanisani. Akapiga kelele, akiniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Nyar Kanyamkago! Unataka kufa uniachie kesi?" Akapiga magoti kwenye udongo, akaweka uso wake karibu na wangu. Hakugeuka. Ndugu zangu, hakugeuka! Akasema, "Wewe, mdomo umekauka kama gunia, na unanuka. Kunywa maji." Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Mungu aliumba ziwa lote lile, atakasirikia kikombe?" Nikanywa. Siku hiyo hakuenda ibada. Alinipandisha kwa baiskeli, akanipeleka zahanati.

Muuguzi alinifungua mdomo bila kuogopa. Akasema usiku mate yanapungua, mdomo unakauka, na mabaki ya chakula yanabaki humo yakioza mpaka asubuhi. Kufunga bila maji, akasema, ni kukausha zaidi. Nisugue jioni baada ya kula, meno yote, hata ufizi wa pengo, hata ulimi. Ninywe maji. Asubuhi nisikae sana bila uji. Nikamuuliza, "Na roho chafu?" Akasema, "Mama, mimi nimeona ulimi mchafu tu."

Sikuamini. Nilifanya kwa hasira, ili nimwonyeshe amekosea. Wiki ya pili nikarudi kwenye maombi, na Min Akoth akanishika mkono. Hakukohoa. Mduara ukafungika!

Sasa nisaidieni nyinyi mliosoma. Nilipofunga, Mungu alininyamazia? Au alinijibu kwa sauti ya yule niliyetaka kumtaja, nami nikaziba masikio? Sielewi. Kufunga sijaacha, lakini nafunga na maji. Ninachojua ni kimoja: Jumapili ile sikufika hapa, kwa sababu nilikuwa kitandani kwake nikinywa uji wake. Jina halikutoka. Hapo ndipo Bwana aliniokoa. Harufu ni kitu kidogo!

Nyar Mfangano yuko pale dirishani. Jana aliabudu kwao, leo amekuja kwetu kwa sababu nilimwomba. Sikuwa nimemwambia nilichopanga. Anasikia sasa, pamoja nanyi. Mwenzangu, nisamehe.

Asante Yesu kwa kunizuia. Na wewe uliyekuja leo na jina la mtu mdomoni, likingoja kutoka, mwamini Bwana, limeze kwanza. Sasa simameni tuombe. Shikaneni mikono, mduara mmoja. Mimi nitasimama karibu na yeye, akikubali. Na anayesikia harufu asigeuke. Aniambie.