Mgeni Siku ya Tatu Mpe Kibali

Benchi letu lina miguu minne, mmoja ukiwa ni tofali. Limekaa kati ya kinyozi na duka la kutoa nakala, mahali ambapo nywele zinazofagiliwa huku hukutana na karatasi zinazopeperuka kule, na mbele yake Mama Kahawa ameweka jiko na birika. Jumamosi hiyo kikao kilikuwa na ajenda moja tu: Mwalimu. Mwalimu ni binti wa dada yake Fotokopi, mwenye duka la nakala. Anafundisha Kiingereza shule ya jirani, na sasa shule moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kumwajiri akafundishe watoto wa huko. Mkataba anao. Kibali cha kazi hana. Na wakala aliyemtafutia nafasi hiyo alitaka jibu asubuhi ileile.

Wakala alikuwa amemwonyesha njia ya mkato: aingie kwa viza ya matembezi, aanze kufundisha, makaratasi yatamfuata hukohuko. Mwalimu hakuja benchini kuomba ushauri. Alikuja kuchukua vyeti alivyomwachia mjomba wake avitolee nakala. Lakini benchi letu halijawahi kusubiri kuombwa.

Aliyetangulia ni Balozi. Cheo hicho hakuhonga mtu ili akipate. Alifyeka majani ya ubalozi mmoja miaka mingi, mpaka walipoleta mashine. Tangu hapo hakuna viza asiyoijua.

— Mbona sheria yenyewe imo kwenye methali, alisema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili unatembea unapiga picha. Ya tatu wanakukabidhi jembe. Jembe ndilo kibali.

— Mzee Balozi, jembe hutolewa na mwenye nyumba, Mwalimu akajibu. Huyu anayenipa mimi ni dalali.

— Na dalali analala wapi? Si nyumbani?

Hapo Wembe, kinyozi wetu, akatoka mlangoni na mashine yake mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Alisema tatizo si viza, tatizo ni uwanja wa ndege. Kuna mashine pale inanusa chaki. Unaweza kusema wewe ni mtalii mpaka sauti ikauke, lakini ukipita tu, taa nyekundu inawaka, maana chaki ikishaingia kwenye kucha haitoki, inaingia kwenye damu. Dawa yake ni glavu, na kwa usalama zaidi, kupaka mafuta ya nywele hadi viwikoni. Mafuta anayo, na kwa Mwalimu angefanya bei ya ndugu.

Mwalimu alikunywa kahawa, akainua kidole kama anavyofanya darasani, akatueleza polepole. Ukikutwa unafundisha kwa viza ya matembezi unafungwa, unatozwa faini, unarudishwa, na huenda usiruhusiwe kukanyaga tena. Shule yenyewe hupata matatizo. Njia iliyonyooka ni ndefu: shahada igongwe muhuri na wizara, kisha igongwe muhuri na ubalozi wa nchi ile, barua ya polisi kwamba huna kosa, daktari akupime, ndipo mwajiri akuombee kibali, nawe uko kwenu bado, unafua nguo zako.

— Daktari wa nini tena? Balozi akauliza. Kwani unakwenda kubeba mizigo?

— Mficha uchi hazai, alisema Wembe kwa hekima kubwa, na hakuna aliyejua inahusiana na nini, lakini tulitikisa vichwa.

Kisha nadharia zikapata mbawa. Balozi alisema wenye nchi zao hupendelea walimu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni, kwa hiyo Mwalimu aongee kana kwamba ameungua ulimi. Wembe akapinga. Yeye alikuwa amepata tundu kwenye sheria, tundu la kupita lori. Sheria inakataza kufundisha, sivyo? Haikatazi kuongea peke yako. Basi Mwalimu atafute bustani, akae, aseme Kiingereza chake kwa sauti: hili ni ua, yule ni bata, jana bata alikuwa hapa. Watoto wakipita wakasikia, masikio ni yao. Wakirudia, midomo ni yao. Na mzazi akiona vema kuangusha noti karibu na kiatu cha mtalii, upepo ndio ulioileta.

— Na polisi akija?

— Unamsalimia bata.

Mama Kahawa alicheka mpaka akamimina nje ya kikombe. Mwalimu mwenyewe aliinamia magoti, mabega yanaruka. Yule mteja wa upande mmoja alitoka na shuka lake shingoni akitaka kujua bata ni wa nani.

Katikati ya kicheko simu ikaita. Mwalimu aliitazama, akafuta macho, na benchi zima likanyamaza. Sisi ambao hatukunyamaza hata siku ya tetemeko.

— Ndiyo, ni mimi, alisema. Hapana. Kwa viza ya matembezi siendi. Nitasubiri kibali. Mkataba ni wa kwangu na shule, na nimeshaandikiana na mkuu wao. Amesema watanisubiri, mradi shahada yenye muhuri iwafikie kabla ya mwezi kwisha. Basi, kaka, hiyo njia yako mtafutie mwingine.

Akakata. Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuulizwa, na Balozi, ambaye sasa hivi tu alikuwa upande wa dalali, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alisema hivyohivyo. Chema chajiuza, alisema, kibaya chakupigia simu Jumamosi. Tukampongeza Mwalimu kwa makofi. Jumatatu angekuwa wa kwanza dirishani pale wizarani. Mwezi ulikuwa umebakiza wiki mbili, na wiki mbili zilitosha.

Fotokopi hakuwa benchini muda wote huo. Tulisikia mashine zake zikiunguruma ndani, na harufu ya kitu cha moto ikitoka dirishani. Sasa alitokea mlangoni, mikono nyuma, uso umejaa kama bwana harusi.

— Mwanangu, nakala ziko tayari, alisema. Lakini mjomba hakutoi na nakala tupu. Nimekufanyia zawadi.

Akaleta mikono mbele. Ilikuwa shahada ya Mwalimu, ile yenyewe, halisi, imezibwa ndani ya plastiki nene mbele na nyuma, kingo zimekatwa mviringo, inang'aa kama kioo.

— Kinga ni bora kuliko tiba, alisema. Ikinyesha, haya. Mende, haya. Hii wataikuta wajukuu.

Ilipita mkono kwa mkono. Balozi aliimwagia maji, yakateleza yote chini. Wembe aliikwaruza kwa kitana, haikupata alama. Mama Kahawa aliweka juu yake kikombe cha moto, akakiondoa, hakuna kitu. Mwalimu aliiinua juani akasoma jina lake taratibu, akamkumbatia mjomba wake, na Fotokopi akatazama pembeni akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Pale dukani alikuwa amesimama mama mmoja, mtoto mgongoni, mgeni kwetu, amekuja kupiga picha za pasipoti. Alikuwa akisubiri kwa adabu tumalize. Alinyoosha shingo akaitazama shahada, akaitazama tena.

— Samahani, wapendwa, alisema. Na huo muhuri wa wizara, wataugonga wapi?

Tukaigeuza mbele na nyuma, tukitafuta mahali penye karatasi.

Fotokopi aliingia dukani, akatoka na muhuri wake wa risiti. Akaupulizia pumzi mara mbili kuupasha, akaugonga kwenye kona ya plastiki. Ulitokea vizuri sana, wa bluu, kila herufi mahali pake. Mwalimu akapitisha kidole gumba. Herufi zote zikahamia kwenye kidole.

— Tuibandue, alisema Wembe, mkono tayari mfukoni mwenye nyembe.

— Ukiibandua inatoka na maandishi, Fotokopi alisema kwa sauti ndogo. Ndiyo sifa yake.

Tulimtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamia magoti tena, mabega yanaruka, na hatukujua ni kicheko au ni kilio. Alipoinua uso machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka.

— Mjomba, alisema. Jumatatu unafunga duka. Tunakwenda chuoni kuomba watoe nyingine kabla ya mwezi kwisha, na wewe ndiye utakayewaeleza.

Fotokopi akavua miwani.

— Kwa Kiingereza?

— Kwa lugha yoyote itakayokutoka, mjomba.