Mzee Duku Hakutaka Kutazama

Gari la Koboko lilikuwa bado linangoja abiria pale Arua, mama mmoja kipofu alipofika dirishani na kunyoosha mkono. Filda, muuza mihogo wa kijiji cha Ajia aliyekuwa ameketi ndani, aliushika ule mkono kwanza. "Jina yako nani, mama?" "Rosa Kiden." "Umekula?" Hakuwa amekula. Filda akampa chapati mbili kati ya tatu alizofunga kwa ajili ya safari.

Abiria aliyeketi kando ya Filda, mwanajeshi mstaafu aitwaye Duku, alikuwa amegeuza uso tangu mwanzo. "Unaharibu watu, dada," alisema gari lilipoondoka. "Kesho atarudi pale pale."

"Kesho pia njaa iko, mzee."

Walibishana hivyo njia nzima, kila mmoja akifurahia kupata mbishi wa kiwango chake, mpaka Filda akasema, "Kukataa, sawa. Lakini hata kumuangalia tu unakataa, mzee?"

"Tulikimbia vita, tukaenda Congo," Duku alisema. "Mama yangu alikuwa anaomba sokoni, mimi mtoto nakaa karibu yake. Watu wanapita kama hapana mutu. Nikiangalia huyu, naona yeye."

Filda akamwekea mkono begani, naye mzee hakuuondoa.

Koboko walishuka. "Bado unaharibu watu," Duku alimwambia akimshushia gunia lake la mihogo, kisha akaenda zake. Karibu na lango la kituo cha magari palikuwa na mwombaji mwenye magongo. Filda alimwona mzee akipunguza mwendo, akisimama, akivua kofia. Hakutoa kitu. Alimsalimia tu, akamuuliza jina, na akasubiri jibu.