Jumamosi za Dada Serwaa

Ndani ya trotro, basi dogo la kwenda soko la Kejetia, kijana mwenye tai alimwinamia mwanamke aliyeketi mbele yangu. "Dada Serwaa, vipi mtihani wa uhasibu?"

"Nimeanguka tena, Boadu. Somo lile lile la ukaguzi."

"Pole. Na somo la kodi ulitufundisha sote mpaka tukafaulu!"

"Si tulikubaliana kila mtu alifundishe kundi letu la Jumamosi somo analoliweza? Ukaguzi ulikuwa wako. Ulipofaulu, tulikuona tena?"

"Kazi zimenibana, dada." Akaikaza tai, ingawa mimi niliona inamnyonga tayari. Kisha akakohoa. "Mdogo wangu naye anafanya mwaka huu. Kodi inamtesa. Nimlete Jumamosi?"

Serwaa alitazama dirishani.

"Mlete," alisema bila kugeuka. "Aje na kalamu yake. Yangu uliondoka nayo."