Keshia Aliyedai Kukaa: Maisha ya Mama Kiti

Ndugu na jamaa, majirani, na nyinyi wenye sare za kijani mliopewa ruhusa ya saa mbili tu kuja kumzika mwenzenu: tafadhali sogeleaneni, kila mmoja apate nafasi. Familia imemwagiza mdogo wake marehemu asome maneno haya, naye ameahidi kutosema uongo, hata ule uongo mtamu wa msibani. Dada yetu hakuupenda.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtaa wa pili kutoka karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa fundi viatu na mkewe mfua nguo. Nyuma yake tulifuata wanne. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alikuja duniani amekunja uso kama mtu aliyecheleweshwa kwenye foleni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1984. Hakuendelea zaidi, kwa kuwa wadogo wanne walikuwa nyuma yake na wote walihitaji madaftari. Lakini shule yake ya pili ilikuwa kibandani kwa baba. Mzee alifunga viatu vya wateja kwa magazeti ya zamani, na binti aliyasoma yote kabla hayajakunjwa, hata matangazo ya zabuni. Mteja mmoja alipolalamika kwamba kiatu chake kimechukua siku tatu, baba alimjibu kwamba kiatu kimekwisha tangu juzi, kinachosubiriwa ni mtoto amalize ukurasa. Huko ndiko alikoipata tabia iliyomfuata maisha yote: hakusaini karatasi wala kutii tangazo kabla ya kulisoma mpaka nukta ya mwisho. Majirani walimletea barua zao awasomee. Barua mbaya aliisoma kama ilivyo, bila kuipaka sukari.

Mwaka 1986 aliajiriwa kuuza katika duka la madaftari na vifaa vya shule, na hapo ndipo shemeji yetu, seremala, alipomwona. Alikuwa ameitwa kupima dirisha la duka. Alilipima mara tatu, siku tatu tofauti. Siku ya nne dada alimwambia, "Fundi, dirisha halikui. Kama una neno, sema." Akalisema. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1991, wakajaliwa watoto watatu. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wasiopenda makelele. Walipogombana, yeye alisoma na mumewe alipiga randa, na jioni walikula sahani moja.

Duka la madaftari lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2001. Tarehe 3 Juni 2002 marehemu aliajiriwa kuwa keshia katika supamaketi moja yenye matawi ishirini na saba. Jina lake hatutalitaja; wanaolijua wanalijua. Kwa nje lilikuwa duka la kupendeza, sakafu inang'aa na muziki unapigwa taratibu. Kwa ndani, keshia alisimama kwa saa tisa mfululizo. Akitaka kwenda chooni aliinua kadi ya manjano na kusubiri msimamizi aione, na wapo walioinua kadi mpaka mkono ukafa ganzi. Chupa ya maji haikuruhusiwa kaunta, kwa maelezo kwamba inaharibu sura ya duka. Wakati wa kutoka, mikoba ya wafanyakazi ilifunguliwa na kupekuliwa mbele ya wateja. Nasi wateja tuliyaona hayo yote. Tulichukua mifuko yetu, tukaenda zetu. Tusijitoe katika lawama hii.

Shemeji yetu ndiye aliyechoka kwanza. Alisema ni aibu mke wa seremala kurudi nyumbani na miguu kama mikate iliyoumuka. Mwaka 2005 alimchongea kigoda chepesi cha miguu mitatu cha kupeleka kazini. Kiliingia asubuhi bila neno. Jioni mlinzi wa mlangoni alikizuia, kwa sababu kila kinachotoka dukani lazima kiwe na risiti, na kigoda hakikuwa nayo. Dada alimweleza kwamba duka lenyewe haliuzi vigoda. Mlinzi alikubali, lakini amri ni amri. Kigoda kikawekwa kwenye kibanda cha ulinzi, na kwa miaka saba walinzi wakakikalia kwa zamu. Msimamizi wa makeshia, mwanamume ambaye wafanyakazi walimwita Kengele kwa sababu alisikika kabla ya kuonekana, aliifanya habari hiyo mzaha. Kila asubuhi alimsalimu, "Mama Kiti, umeamkaje na miguu?" Jina hilo lilianza kama kejeli. Leo limeandikwa juu ya ratiba hii kwa heshima.

Tarehe 12 Novemba 2012, keshia wa kaunta ya sita, binti mwenye mimba ya miezi saba, alizimia akiwa kazini na kuangukia mashine yake. Kengele aliamuru asogezwe pembeni ili foleni isonge. Marehemu alifunga kaunta yake, akageuza kreti la soda juu chini, akamketisha binti yule na kumpepea kwa kadi ya manjano. Tangu siku hiyo binti alihudumia wateja akiwa juu ya kreti, na dada alipozidiwa walipokezana kulikalia. Wiki moja baadaye alipewa barua ya onyo kwa kosa la "kukaa kazini", na juu ya kila kaunta likabandikwa tangazo: NI MARUFUKU KUKAA KAZINI.

Dada alilisoma, kama alivyosoma kila kitu, mpaka nukta.

Siku nne baadaye, zamu ya mchana ilipokwisha saa kumi na mbili, Kengele alitangaza kwamba hakuna kuondoka, kuna bidhaa za ofa za kupanga. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Watu walikuwa wakibakizwa mara tatu kwa wiki. Marehemu alivua beji yake, akaenda chini ya tangazo na kulionyesha kwa kidole.

"Bosi, umebandika mwenyewe. Marufuku kukaa kazini. Zamu imeisha, tukikaa hapa tutakuwa tumevunja amri."

"Wewe mama, unajua nilikuwa na maana gani."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Maana ungeiandika pia."

Watu kumi na saba walitoka naye. Wenzake wanasema walicheka mpaka kituo cha basi, lakini asubuhi hakuna aliyecheka, kwa sababu barua ya pili ilikuwa inamsubiri. Hii ilimtuhumu kwa "kukataa kukaa kazini", na ilimtaka ajieleze kwa maandishi, la sivyo aachishwe. Marehemu alizibana barua zote mbili kwa pini moja, ile ya kukaa na ile ya kukataa kukaa, akaandika chini yake: "Naomba kuelezwa kosa langu ni lipi kati ya haya mawili." Nakala moja aliipeleka makao makuu, nyingine ofisi ya kazi.

Meneja wa kanda alikuja. Aliitisha kikao stoo, ambako wafanyakazi wote walisimama kati ya magunia, naye peke yake alipewa kiti. Lazima tumtendee haki: hakuwa mtu wa matusi. Alimwita marehemu kando na kumwambia kwamba mtu mwenye akili kama yake hafai kupotea kaunta, na kwamba nafasi ya msimamizi ingekuwa yake endapo suala la viti lingeisha. Dada alimuuliza, "Msimamizi? Yaani mnanipandisha cheo ili nizidi kusimama?" Kesho yake alihamishiwa stoo kufungasha viazi na vitunguu, saa tisa kwa siku, akiwa amesimama. Alikaa huko miezi kumi na moja. Neno "alikaa" hapa mlielewe vizuri.

Mdogo wake anayesoma wasifu huu, ambaye ni mwalimu, alikwenda kumwona katika kipindi hicho, akamshauri aombe radhi. Alimkumbusha kwamba mtoto wa mwisho bado yuko shule, na kwamba mwenye nguvu mpishe. Ushauri ule ulionekana kuwa wa busara. Ulikuwa wa woga, na leo mbele ya jeneza lake mshauri anakiri hivyo. Dada hakukasirika. Alimmiminia chai na kumuuliza kama darasani kwake wanafunzi wanafundishwa hivyo hivyo.

Wenzake nao walimchagua kuongoza tawi la chama cha wafanyakazi. Siku ya uchaguzi aliwauliza kama kweli wanataka mwenyekiti asiye na kiti, wakampigia kura zote isipokuwa mbili. Afisa kazi alipofika hatimaye, Novemba 2013, tangazo lilikuwa bado liko ukutani, limefifia. Alilisoma mara mbili, akaomba kuletewa zile barua mbili. Dada alirudishwa kaunta. Aprili mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kwamba italeta viti, kwa sharti moja: keshia atakaa wakati hakuna mteja.

Hapa ndipo watu wengi walipomwona mkaidi. Makeshia walikuwa wamechoka, na nusu shari kuliko shari kamili. Marehemu, aliyetakiwa kusaini kwa niaba yao, alikataa. Yule binti wa kaunta ya sita, ambaye sasa alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na mgongo usiopona, alimwambia mbele ya wote, "Mama Kiti, wewe unapigania maneno. Sisi tunapigania miguu."

"Mwanangu," alimjibu, "pale kwetu kuna saa gani wateja wanakwisha? Kiti cha kukalia wakati hakuna mteja ni picha ya kiti. Nikisaini picha, hatutaletewa kiti tena."

Miezi minne binti yule hakumsalimu. Si kila aliyemlaumu alikuwa mwoga. Mtu anayeumwa ana haki ya kutaka nafuu leo. Dada alilijua hilo, na shemeji anasema ndicho kipindi pekee alichomwona akishika gazeti bila kugeuza ukurasa. Lakini hakusaini. Angekosea, wenzake wangekosa hata ile picha, na lawama yote ingekuwa juu yake. Aliibeba hatari hiyo akiwa na macho wazi. Wengi wetu husifu msimamo wa mtu baada ya kushinda. Yeye alikuwa nao wakati hata marafiki zake walimkimbia.

Kampuni ilipoona saini haipatikani, ililegea. Tarehe 1 Septemba 2014 viti kumi na kimoja viliwekwa katika kaunta kumi na moja, virefu, vyenye egemeo na pa kuwekea miguu, bila sharti. Binti wa kaunta ya sita ndiye aliyekaa wa kwanza. Mteja wa kwanza akashangaa, "Siku hizi mnakaa?" Dada alijibu kutoka kaunta ya jirani, "Ndiyo, na bei haijapanda." Binti akacheka, kisha akalia, kisha akamwamkia. Mwaka uliofuata viti vilifika katika matawi yote ishirini na saba.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Septemba 2021. Miguu yake ilikuwa imeharibika zamani. Mishipa ilivimba, vidonda vikafunguka juu ya kifundo na kukataa kufunga. Januari mwaka huu alilazwa hospitali kuu kwa wiki tatu; binti yake muuguzi alimhudumia kwa upole ambao mama mwenyewe aliuita wa kupita kiasi. Tarehe 16 Mei alipata maumivu ya kifua ghafla. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda hadi kwenye mapafu. Alifariki tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Daktari hakusema kwamba kazi ndiyo iliyomuua, na familia haitasema asichosema daktari. Alisema tu kwamba miguu ile ilisimama mno, na kwamba viti vilichelewa kwa miaka kumi na miwili.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wadogo zake wanne. Ameacha pia makeshia wa matawi ishirini na saba, na familia imeamua waandikwe hapa pamoja na ndugu wa damu. Tunasikia tawi la ishirini na nane limefunguliwa mwezi Februari, na kaunta zake hazina viti. Mwakilishi wa kampuni yupo hapa, ameleta shada zuri la maua, na tunamshukuru. Tunamwomba arudi na ujumbe kwamba maua yamepokewa, na kwamba viti vinangojewa. Na nyinyi mliobaki kaunta, aliyewatetea hayupo tena. Chagueni mwingine kabla ya wiki hii kwisha.

Aliwatafutia wengine pumziko kabla ya kupata lake. Mwenyezi Mungu ampe sasa lililo kamili, lisilo na sharti, katika amani.